Maji ya Gesti

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Minza alichukua jembe na ndoo ya majivu akaenda kwenye uzio wa minyaa kuyapokea maji ya jirani yake.

Aliyajua kwa zamu zake, kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake wanavyotoka zizini. Ya kwanza yalikuja na povu jeupe na harufu ya sabuni ya kuogea. Hao ni wageni wa gesti wanaowahi basi la Mwanza, watu wa kujimwagia na kuondoka. Yakifuata yenye rangi ya bluu na povu zito, ujue mashuka yanafuliwa. Kisha yalikuja ya jikoni, mafuta yakielea juu, na punje za wali, na kuku wake waliyakimbilia. Hayo hakuwa na ugomvi nayo. Mtu akioga, akifua, akiosha sufuria, maji yake yatakwenda wapi kama si bondeni? Ugomvi wake ulikuwa na yale mengine, ambayo hayakuwa na saa. Yalikuja meusi, mazito, bila hodi, na yakishafika yote yalikuwa kitu kimoja.

Hayo yalikuwa ya chooni.

Alifukua mfereji mdogo mbele ya mlango, akayageuza yaende kushoto, yaizunguke nyumba. Palipotuama akamwaga majivu. Jana alikuwa amefanya hivyo hivyo, na leo mfereji ulikuwa umeshajaa tena, maana udongo wa mbuga ni mfinyanzi, haunywi, ukishashiba umeshiba. Inzi walimtua mdomoni akawatemea. Kisima alichokichimba marehemu mumewe, Malimi, alikuwa amekifunika kwa bati na kuweka jiwe juu. Hakuogopa mtu kutumbukia. Aliogopa kukitazama.

Maji ya kisima kile yalimharisha mjukuu wake mpaka macho yakaingia ndani. Mektilda, binti yake, alimfunga mtoto mgongoni akaenda naye Dutwa kwa mawifi zake. "Mama, siku ukitoka hapa, nitakuja tukae wote," alisema. Minza hakutoka. Angekwenda wapi? Hapa ndipo alipoolewa, hapa ndipo alipozalia, na Malimi mwenyewe alikuwa amelala nyuma ya nyumba, pale chini ya dirisha, kama watu wa huku wanavyolaza wafu wao, nyumbani kwao. Alitaka kitu kimoja tu duniani: abaki pale, na pale pakauke.

Sasa kabla hujamwonea huruma, ujue kwamba maji yale aliyakaribisha mwenyewe.

Joakim Mayige alikuja miaka michache baada ya biashara ya pamba kuachiwa huru. Zamani alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika. Chama kilipolegea, yeye akakaza. Alinunua pamba kwa mizani yake mwenyewe, na wakulima wanajua mizani ile ilivyokuwa ikisoma, akanunua lori, kisha akanunua shamba la shemeji yake Minza, lile la upande wa juu, akasimamisha gesti. Mwanzoni ilikuwa ya vyumba vichache, na bafu moja uani, na choo cha shimo kule mbali nyuma. Maji ya bafu yalikuwa yakituama mlangoni, wageni wakikanyaga tope. Kiangazi kimoja Joakim akaja kwa Minza, kofia mkononi, ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji, mzee Bujiku, ili neno liwe na shahidi.

"Mwangaluka, ng'wana Jilala," Joakim alimsalimu kwa jina la baba yake, kwa heshima.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola. Nina maji yananisumbua pale kwangu. Ni ya kuogea tu. Nilikuwa naomba nitoboe kidogo kwenye minyaa, yapite huku."

Minza alidhani anataniwa. "Mchicha wangu unakufa kwa kiu, na wewe unakuja kuniomba nipokee maji? Toboa hata leo."

"Mwenyekiti, umesikia."

"Nimesikia," alisema Bujiku.

"Wabeja," alisema Minza. Yeye ndiye aliyeshukuru.

Mtu wa kwingine angecheka. Lakini Minza alizaliwa Sola, kwenye majaruba ya mpunga, na huko maji yana adabu zake. Wa juu akishajaza jaruba lake anakata tuta, yanakuja kwako. Ukitosheka nawe unakata tuta, yanamwendea wa chini. Wa juu akikufungulia unasema wabeja, na anayezuia maji yasipite ni mtu mbaya, hata msibani kwake watu wanakwenda kwa kusuasua. Hakuna anayeweka sharti kwamba yapite ya namna hii na ya namna ile yasipite. Minza alikuja Bariadi na adabu hiyo kichwani, akadhani kila anayekaa upande wa juu anayo.

Kwa miaka kadhaa hakujuta. Mchicha uliota, matembele yakatambaa mpaka kwenye kisima, mgagani ukajiotea wenyewe pembeni. Kiangazi, mboga zikiadimika sokoni, yeye alikuwa nazo, na wanawake wenziwe walimwita mwenye mto.

Kisha mji ukapanda daraja. Wakaja watu wa miradi, wakaja wanunuzi wa pamba wenye suruali zilizopigwa pasi, watu wasiotaka kuvuka uani na taulo kiunoni. Joakim akaongeza jengo, kila chumba na choo chake ndani, cha kuvuta maji. Alichimba karo la maji taka, na pembeni yake shimo la kunyonya. Lakini mbuga ni mbuga. Shimo lilinyonya mwezi mmoja likakataa. Gari la kunyonya maji taka lilikuwa Mwanza, na kuliita kulihitaji mtu anayeona aibu. Fundi akaweka bomba juu ya karo, likijaa limwagikie kwenye ule mfereji wa bafu. Ilikuwa kazi ya nusu siku.

Mwezi ule mchicha wa Minza uliota kuliko miaka yote, majani mapana kama sahani. Wateja wakaunusa, wakarudisha mafungu.

Alimwendea Joakim. Alikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka miguu ikafa ganzi, akiwatazama wasichana wakideki sakafu kwa maji yenye dawa, akijua fika maji yale yataelekea wapi. Hatimaye aliitwa uani. Joakim alikuwa akinywa chai.

"Baba Mayige, nimekuja kwa ajili ya maji."

"Yamepungua?"

"Yamebadilika. Nilikubali ya kuogea. Haya ni ya chooni."

Joakim alikoroga chai yake taratibu. "Mama, yakishaingia kwenye bomba ni maji. Mimi nitasimama pale niyachambue? Haya ya huyu, haya ya yule?"

"Kisima kimeharibika. Mjukuu wangu nusura tumzike."

"Pole sana. Hili la watoto kuharisha ni la mji mzima." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, na hiyo ndiyo iliyomchanganya Minza, alikuwa amejiandaa kwa matusi. "Lakini tukumbushane. Siku ile nilikuja na mwenyekiti. Wewe ulisema toboa. Ulisema na nini tena?"

"Nilisema wabeja."

"Haya."

Joakim akaamuru aletewe chai na chapati. Minza alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Aliapa moyoni kwamba hataigusa. Akaigusa, akaimaliza, akalamba na vidole, na Joakim akamtazama mpaka mwisho. Njia nzima ya kurudi alijichukia.

Alipita kwa mzee Bujiku. Alimkuta anasuka kamba ya katani mlangoni kwake.

"Mzee, si alisema ya kuogea tu? Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Alisema maji."

"Alisema ya kuogea."

Bujiku alivuta kamba kwa meno, akaijaribu. "Ng'wana Jilala, mimi nina mjukuu anafanya kazi pale. Anatandika vitanda. Wewe unataka niseme nini?"

Minza aliaga akaondoka. Yeye mwenyewe angekuwa na mjukuu anayetandika vitanda pale, pengine naye angesikia maji tu.

Wa tatu kumwendea alikuwa bibi afya, binti aliyeitwa Violeth, mgeni kazini, ambaye sare yake ilikuwa bado haijachuja rangi. Huyu hakumwambia njoo kesho. Alikuja siku ileile kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye ukuta, akatoa leso akaziba pua, kisha akaona haya akaiondoa. Aliufuata mfereji kutoka kwenye minyaa mpaka mlangoni, akafunua bati la kisima, akalirudisha upesi. Akazunguka nyuma ya nyumba. Maji meusi yalikuwa yamelizunguka kaburi la Malimi, na saruji yake ilikuwa imeanza kumea ukungu wa kijani.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Mwenye nyumba."

Violeth alirudi nyuma hatua moja. "Mama, hili ni kosa. Kosa kabisa. Maji ya kuogea na ya kufulia mtu anaweza kumwagia bustani, sikatai. Ya chooni hayatoki nje ya kiwanja cha mwenyewe. Yanaingia karoni, yakitoka karoni yanaingia shimoni, yanaishia humo humo. Sheria iko wazi."

Minza alifurahi. Alikuwa hajasikia mtu wa ofisini akisema neno kosa huku akitazama upande wa gesti.

"Nitampiga notisi," Violeth aliendelea. "Kiwanja chake nakijua. Chako ni namba ngapi?"

"Namba?"

"Notisi lazima iseme maji yanatoka kiwanja gani na yanaingia kiwanja gani. Nikikosea hapo anaichana."

"Yanaingia hapa. Kwangu."

"Najua, mama. Nayaona. Nenda ardhi wakupe namba tu. Ukiniletea leo, yeye anaipata notisi leo."

Minza alimsindikiza hadi barabarani, akamfungia na kuku mmoja kwenye kibebeo cha baiskeli. Violeth alikataa, Minza akasisitiza, na binti akaondoka na kuku analia nyuma yake. Jioni ile Minza alipika ugali akaula wote, akiwaza kwamba kumbe kazi ilikuwa ni kusema tu.

Ofisi ya ardhi ilimpiga danadana. Bwana ardhi yuko semina Shinyanga. Bwana ardhi ametoka sasa hivi, hukupishana naye? Bwana ardhi yuko kwenye kikao. Alikwenda na kurudi mpaka mlinzi akawa anamwachia kivuli cha kibanda chake. Siku aliyompata, kumbe bwana ardhi alikuwa kijana mpole mwenye miwani, jina lake Anatoli, na alimvutia kiti mwenyewe.

Alimsikiliza. Kisha akatoa karatasi ndefu iliyoviringishwa, akaikunjua juu ya meza, akaibana pembe moja kwa kikombe na nyingine kwa stepla.

"Huu ndio mji," alisema. "Hii hapa gesti ya Mayige, kiwanja cha biashara. Hii ni barabara. Wewe uko upande gani?"

"Chini yake. Nyumba ya bati, ina minyaa."

Anatoli alishusha kidole. Chini ya gesti hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mistari miwili ya bluu iliyotoka kwenye pembe ya kiwanja cha Joakim, ikashuka sambamba mpaka bondeni.

"Hapa ni hifadhi ya mfereji," alisema.

"Na nyumba yangu?"

"Haipo."

"Ipo. Nimetoka humo asubuhi hii."

"Kisheria, mama. Kisheria haipo."

Minza aliitazama ile mistari. Hakujua kusoma mchoro, lakini alijua kuona njia, na njia ile aliitambua: ilipinda kidogo pale penye minyaa, ikanyooka mlangoni kwake, ikapita chini ya dirisha la nyuma. "Nani alisema pale ni mfereji?"

"Wapimaji. Walitoka mkoani. Hawakusema kitu, wanachora walichokikuta. Walikuta maji yanapita."

Hapo Minza akawakumbuka. Walikuwa vijana watatu wenye chombo cha miguu mitatu, na kilikuwa kiangazi kikali, jua linachoma mpaka ndege wamenyamaza. Aliwawekea viti kivulini. Aliwachotea maji ya kisimani, enzi hizo matamu, akawapa michembe ya viazi na karanga, wakala wakasifu. Mmoja alisimama juu ya mfereji wa bafu, akatazama mchicha, akauliza, "Mama, haya maji yanapita hapa masika tu?" Na yeye, mwenye mto, akajibu kwa fahari, "Siku zote, baba. Hata kiangazi. Hayajawahi kukauka." "Tangu zamani?" "Tangu zamani." Alisema hivyo makusudi. Alikuwa ameona wanapima na kuandika, akaogopa kwamba akisema ni ya juzi juzi tu, yanatoka bafuni kwa mtu, wangeyageuza wakampa mwingine.

"Waliniuliza mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyewajibu."

Uso wa Anatoli ukachangamka. "Kumbe walikuuliza. Vizuri. Maana wengine wanakuja hapa wanalalamika hawakushirikishwa."

"Baba, ardhi ile Malimi alipewa na baba yake. Pale palikuwa pori. Mji ulitukuta."

"Umewakuta wengi. Ungekuwa kijijini, sheria mpya ni nzuri sana, ardhi ya kimila tunaitambua, tungekuandikia hati yako. Lakini pale sasa ni mjini, na mjini tunakwenda kwa mchoro. Palipochorwa kiwanja ni kiwanja. Palipochorwa mfereji hapajengwi. Hata mimi nikijenga, nitavunjiwa."

"Sijajenga. Nilikuwepo."

Anatoli alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alionekana kuumia, na pengine aliumia kweli. "Shida ni kwamba umekuja. Ungekaa kimya, nani angejua? Mchoro uko kabatini, nyumba iko kule. Sasa umeniambia mwenyewe kwamba kuna nyumba ndani ya hifadhi, na karani amesikia. Siwezi kujifanya sijui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo itabidi upishe."

"Na fidia?"

"Fidia ni ya mwenye haki ya kuwa pale. Wewe kisheria ni mvamizi. Ni neno la kisheria tu, mama, usilichukulie vibaya."

Minza alilichukulia vibaya. Alitaka kusimama aseme kitu ambacho kingeitikisa ile meza na kikombe chake, lakini kila neno alilolitafuta lilikuwa la Kisukuma, na kwa Kisukuma lilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. Akasema, "Haya, baba," akafunga kanga yake, akatoka. Nje mlinzi alimuuliza kama amefanikiwa, naye akaitikia kwa kichwa.

Violeth alikuja baada ya wiki kama mbili. Safari hii hakushuka kwenye baiskeli mara moja. Alisimama ameipanda, mguu mmoja chini.

"Nimeambiwa na ardhi," alisema.

"Karibu ukae."

"Mama, mimi notisi ya Mayige nilikuwa nimeshaiandika. Lakini niliandika kwamba yanaingia kwenye makazi ya mtu. Wakaniita. Wakasema pale hakuna makazi, pale kuna mfereji wa mji, na Mayige ameomba kuujengea kwa saruji kwa gharama zake. Wakamsifu kwenye kikao." Aliushika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili. "Na aliyejenga ndani ya mfereji wa maji taka..."

"Sema tu, mwanangu."

"Ni mimi natakiwa kumwondoa. Kwa usalama wake, kiafya."

Minza alimtazama binti huyu na hasira zikamwishia, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuziweka. Huyu alikuja kumsaidia. Anatoli alimvutia kiti. Bujiku alisema alichokisikia, au nusu yake. Joakim alimlisha chapati. Alijaribu kumtafuta mtu mmoja aliyemfanyia ubaya, wa kumshika shati na kumlilia, akawa anarudi kila mara kwa mwanamke mwenye mchicha aliyesema tangu zamani.

"Na yule wa nyuma?" aliuliza.

"Kaburi ni familia inahamisha. Mnajipanga wenyewe."

Familia ilikuwa ni shemeji yake, yule aliyemuuzia Joakim shamba la juu. Minza alimwendea. Shemeji alisema kuhamisha marehemu si jambo la siku moja, kunataka wazee, kunataka dawa, kunataka ng'ombe wa kuchinja, na kwanza amhamishie wapi, maana yeye mwenyewe sasa amepanga chumba. Akamwambia aende Dutwa kwa binti yake akapumzike. Minza akamuuliza kama mtu anaweza kwenda kupumzika kwa mawifi wa binti yake. Shemeji akatazama pembeni.

Alama nyekundu ya X ilipakwa ukutani siku ambayo Minza alikuwa sokoni kuomba mboga alizokuwa akiuza zamani. Aliikuta mbichi. Aliigusa, ikamchafua vidole, akavifuta kwenye minyaa. Siku zilipita, hakuna aliyekuja kuvunja. Alianza kufikiri kwamba labda wamesahau, au kwamba mtu mmoja huko juu amemwonea huruma. Mtu akikosa la kushika hushika hata hilo. Alirudi kufukua mfereji wake kila asubuhi, akamwaga majivu, na siku nyingine akathubutu kupandikiza miche michache ya matembele pale palipoinuka.

Kisha mawe yakaja, na mchanga, na saruji, kwa lori la Joakim. Mafundi walianzia kwenye ukuta wa gesti wakashuka. Walikata minyaa. Ulikuwa mfereji mzuri, wa mawe yaliyochongwa, kingo zimepigwa lipu, ukishuka kwa mteremko wa haki kabisa; watu walisimama barabarani kuutazama. Upande wa chini, kundi jingine lilianzia bondeni likapanda. Mvua moja ya masika ilinyesha kazi ikiendelea, na maji yalikuja ndani ya ule mfereji mpya kwa nguvu ambayo mfereji wa udongo haukuwahi kuwa nayo, yakafika mahali saruji ilipoishia, yakaingia mlangoni kwa Minza. Alisimama juu ya kinu mpaka yakapungua. Kisha akatoa yaliyobaki kwa sufuria.

Fundi mkuu aliitwa Athanasi. Alikuwa mtu wa Shishiyu, mwenye watoto, na alikuwa akimwamkia Minza kila asubuhi kama mama yake. Siku waliyobakiza kipande kimoja tu katikati, alikuja peke yake na kamba ya kupimia na vigingi.

"Mayu, mwangaluka."

"Mwangaluka, baba."

"Naomba nipite. Kunavunjwa Jumatatu, lakini mimi lazima nijue usawa leo, nisije nikakosea kuunganisha." Alisema kama mtu anayeomba jembe la kuazima.

Minza akampisha. Wa juu akiomba kupita, unampisha.

Athanasi alifunga kamba kwenye kigingi pale saruji ilipoishia, akaipitisha mlangoni. Alivua viatu, ingawa sakafu ilikuwa tope. Akavuka chumba, akaitupa nje kupitia dirisha la nyuma, akazunguka kwenda kuivuta. Ikakwama.

"Mayu, kitanda kinazuia. Naomba ukiinue kidogo."

Minza alikiinua upande mmoja, akakisogeza ukutani. Aliinama akaokota viatu vya Malimi vilivyokuwa uvunguni, vilivyoumuka kwa maji, akaviweka juu ya godoro.

"Sasa nishikie hapo katikati, msaidizi wangu amefuata mchanga. Iinue ilingane na kizingiti."

Aliishika. Kupitia dirisha alimwona Athanasi akirudi nyuma taratibu na ncha ya kamba, akinyanyua mguu, akavuka kaburi bila kulikanyaga, kwa adabu, akaenda mpaka upande wa pili ambako mfereji wa chini ulikuwa umefika ukasimama unasubiri.

"Na huyo hapo?" Minza alimuuliza kutoka ndani.

Athanasi alitazama chini, pale kamba ilipopita. "Mimi napima tu, mayu," alisema. Akachuchumaa, akafumba jicho moja. "Vuta kidogo. Usilegeze. Ikilegea, mfereji utapinda."

Minza akavuta. Kamba ilinyooka kutoka gesti hadi bondeni, haikugusa kitu.

"Hapo hapo. Umeshika vizuri."

Alisimama katikati ya chumba chake, kamba imemkaza kidoleni, akingoja aambiwe aachie.